Mama yuko kwenye mashine, mimi niko darasani: nipeleke barua ya kuacha kazi?

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni mkufunzi wa chuo cha ualimu cha serikali huku Kanda ya Kati, nina miaka 38, watoto wawili, mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu kwa hiyo nyumbani yupo kwa kupita tu. Mama yangu ana miaka 61, figo zake zote mbili zimefeli, ni presha ndo ilimfikisha huko maana alikuwa anameza dawa akiona kichwa kimetulia anaacha, na sisi tuko mbali hatukujua. Sasa hivi anasafishwa damu Dodoma, siku zake ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, tumempangia chumba jirani na hospitali anakaa na binti wa kaka yangu aliyemaliza form four mwaka jana. Kutoka chuoni kwetu mpaka huko ni kama masaa mawili kwa basi.

Dada mimi nimechoka. Vipindi ninavyo kila siku, nikimaliza cha mwisho nakimbilia stendi, nafika usiku, nalala kwa mama, alfajiri nageuza, saa nyingine nafika kipindi cha kwanza kimeshaisha na wanachuo wamekaa tu wananiangalia. Madaftari ya kusahihisha nabeba kwenye basi. Mkuu wa chuo ameshaniita akaniambia matatizo ya nyumbani yabaki nyumbani. Nikiwa darasani simu ikitetemeka moyo unaruka, nikiwa kwa mama nawaza azimio la kazi na alama ambazo sijaingiza. Yani hakuna mahali nipo kamili.

Kaka zangu wapo wawili, mmoja ana duka Kariakoo, mwingine ni mwalimu wa sekondari Tabora. Hela wanatuma wakikumbuka, na kila tukiongea wananiambia wewe ndo mtoto wa kike, mama anakuhitaji wewe. Na mama naye ameanza kusema tumrudishe kijijini akafie kwake, anasema ananiharibia maisha. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye droo. Nifanyeje?

Mkufunzi, Kanda ya Kati

JIBU

Marahaba mwalimu wangu, na pole sana, pole kwa mama na pole kwako wewe ambaye naona watu wanasahau kukupa.

Naanza na ile barua. Usiipeleke. Sisemi hivyo kwa sababu ajira ni ngumu, ingawa ni kweli ni ngumu, nasema hivyo kwa sababu matibabu ya mama yako yanapita kwenye mshahara wako. Wewe ni mtumishi wa umma, kila mwezi inakatwa asilimia 3 kwako na mwajiri anaweka 3 nyingine, jumla 6 inaenda NHIF, mfuko wa bima ya afya, na kwa hiyo hela wewe na mwenza wako na wategemezi wanne mnatibiwa, na wazazi wanaruhusiwa kuwa kwenye hao wanne. Nadhani mama yako anaingia kwenye mashine kwa kadi yako, hukusema lakini ndo inavyokuwa kwa familia nyingi za watumishi. Sasa wewe piga hesabu. Mara tatu kwa wiki, kwa mwaka ni awamu 156. Nenda dirisha la malipo pale pale hospitali waulize mtu asiye na bima analipa shilingi ngapi kwa awamu moja, zidisha mara 156, alafu uiangalie tena hiyo barua. Ukiacha kazi ili umuuguze mama unakuwa umemkatia mama mashine, na hakuna kaka wa Kariakoo atakayeweza kuibeba hiyo gharama mwaka mzima bila duka kuyumba.

Hata likizo bila malipo, ambayo najua mtu atakushauri uombe, usisaini kabla hujamuuliza afisa utumishi na ofisi ya NHIF ya mkoa, kwa maneno ya wazi, mchango wangu usipokatwa miezi hiyo kadi ya mama itakuwaje. Waombe wakujibu kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwalimu, naomba nikwambie kitu ambacho kiliniuma nilipokisoma mara ya kwanza na bado kinaniuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kifungu cha 34 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu. Mzazi anatajwa kwenye kifo tu, kwenye ugonjwa hayupo. Yani sheria yetu inakuhesabia siku za kumzika mama na haikuhesabii hata moja yenye malipo ya kumuuguza. Wakati kwetu huku kila mtu anajua kuuguza wazazi ni wajibu, na mtu asiyeuguza mzazi wake anasemwa mpaka kaburini, sheria inajifanya haiujui huo wajibu. Nasema wazi hii inatakiwa ibadilishwe, na vyama vya walimu na vya wafanyakazi wangekuwa wanaidai kila Mei Mosi ningefurahi.

Lakini hiyo ni kiwango cha chini, haimkatazi mwajiri kukupa zaidi. Ruhusa za dharura zipo, anazitoa mkuu wa chuo, na hapo ndo shida yako ilipo kwa sababu inaonekana wewe unaenda kwake ukiwa umeshachelewa, anakuona mchelewaji tu. Mkuu wako alichokuambia hakikuwa cha kibinadamu, lakini mimi nahisi hajui ukubwa wa jambo. Mwandikie. Ambatanisha barua ya daktari au ratiba ya kliniki ya mama inayoonyesha siku na zamu. Alafu usiombe huruma, omba ratiba. Hapo nataka tukae kidogo.

Ugonjwa wa mama yako una kitu kimoja ambacho magonjwa mengi hayana, unajulikana siku zake. Mtu mwenye kiharusi au saratani huwezi kujua kesho itakuwaje, ila huyu wa dayalisisi unajua Jumatatu Jumatano Ijumaa yuko kwenye mashine karibu masaa manne, Jumanne na Alhamisi anapumzika. Kwa hiyo nenda kwa mtaaluma wa chuo kabla muhula mpya haujapangwa, sio katikati, kaa naye mezani na ratiba mbili, ya chuo na ya mama. Omba vipindi vyako virundikwe Jumanne na Alhamisi, viwe vingi hata siku nzima, na Jumatatu au Jumatano uwe na vya asubuhi tu, alafu Ijumaa pawe wazi kabisa. Ukipata hivyo unaondoka Alhamisi jioni unakuwa na mama Ijumaa yote na wikiendi mpaka Jumapili mchana. Hizo safari za kwenda kila jioni na kugeuza alfajiri ziache, dada, zitakuua wewe kabla ya figo kumuua mama, unafika saa tatu usiku amelala unaondoka saa kumi hajaamka, umefanya nini? Umejichosha tu ili roho isikusute.

Na wakufunzi wenzako wa somo hilo hilo wapo? Pangeni kufundisha kwa kupokezana, wewe unabeba mada zako unazozijua vizuri wiki hizi, mwenzako anabeba zinazofuata, na wewe unamlipa kwa kumsahihishia mitihani au kumtungia, maana kusahihisha kunafanyika popote. Mazoezi ya kufundisha yakifika mwambie mapema mratibu wa mazoezi hayo (BTP) akupangie shule za Dodoma mjini au jirani yake, hili wakuu wengi wanakubali kirahisi kwa sababu chuo hakipotezi chochote. Na kuhusu PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, majukumu yako yajaze kadiri unavyoyafanya, usisubiri mwisho wa mwezi, maana siku ukiitwa kuulizwa utendaji wako unataka mfumo useme kwa niaba yako.

Wanachuo waambie. Sio mambo yote, na usilie mbele yao kama unaweza kujizuia, ila waambie mama yangu anaumwa sana, siku fulani sitakuwepo, kazi mtaipata kwa CR, kiongozi wa darasa, na nikisema nitasahihisha kufikia Jumatano nitasahihisha. Hao ni walimu watarajiwa, wengine wana miaka 20, kesho watakuwa kituoni huko Ukerewe au Tunduru na mzazi anaumwa Moshi, wakikuona wewe unavyofanya wanajifunza kitu ambacho hakimo kwenye mtaala.

Uhamisho: omba, leo. Ingia kwenye ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni, ujaze, na kama kuna mkufunzi aliyeko Dodoma anayetaka kuja huko kwenu tafuta wa kubadilishana naye maana ndo njia inayokwenda haraka kidogo. Ukitaka kuhamia shule ya sekondari mjini ujue unatoka Wizara ya Elimu unaingia TAMISEMI, hapo kuna ofisi mbili za kukubali na kusubiri kunakuwa kurefu. Uzuri wa mkosi huu ni kwamba wizara iko Dodoma hapo hapo, Mtumba, siku ya Ijumaa mama akiwa kwenye mashine na binti yupo naye, wewe panda daladala ukaulizie barua yako mwenyewe. Pia ulizia upande wa pili, hospitali za rufaa za mikoa kadhaa sasa hivi zina mashine za kusafisha damu, huenda ipo moja karibu na chuo chako kuliko Dodoma, muulize daktari wa mama kama anaweza kumhamishia huko. Watu wengi wanabaki pale walipoanzia kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kaka zako sasa. Itisha kikao cha familia, cha kukaa, na kama haiwezekani basi cha simu ila kila mtu awepo na kama kuna baba mdogo au mjomba anayeheshimika awepo pia. Peleka karatasi: kodi ya chumba, chakula, nauli ya mama kwenda hospitali na kurudi, dawa zinazokosekana kwenye bima, posho ya huyo binti. Nakuomba sana hapo kwenye posho ya binti usipite haraka, mtoto wa miaka 18 au 19 analala na mgonjwa, anapika, anasubiri kwenye benchi masaa manne mara tatu kwa wiki, wenzake wanaenda chuo, na kwenye barua yako yeye umempa mstari mmoja tu. Alipwe, na mpange anaenda shule lini. Kaka wa Kariakoo anachukua fungu la hela kwa tarehe maalum, asitume akikumbuka. Kaka wa Tabora ni mwalimu, ana likizo za Juni na Desemba, anakuja anakaa na mama wiki mbili nzima na wewe unakaa kwako na watoto wako. Kuhusu lile la mtoto wa kike, muombe mjomba awajibu yeye. Mama aliwazaa watatu na anapokaa kwenye kile kiti hapati nafuu zaidi kwa sababu aliyeshika mfuko wake amevaa sketi.

Kuna jambo la kupandikiza figo ambalo naligusa kwa uangalifu. Hapa nchini linafanyika, Muhimbili walianza Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma wakafuata 2018, na anayetoa ni ndugu aliye hai. Daktari ndo atasema kama mama kwa umri wake na presha yake anafaa. Kwenye kikao litajwe tu ili watu wajue lipo, lakini mtu yeyote asibanwe, wala wewe usijitolee kwa hasira ya kuwaonyesha kaka zako. Mtoaji anapimwa sana na anaruhusiwa kusema hapana mpaka dakika ya mwisho.

Binti anayekaa na mama mpeleke kwa nesi wa kitengo afundishwe, maana mengi yanaharibikia jikoni. Mashine inasafisha masaa 12 hivi kwa wiki, figo nzima zinafanya kazi masaa yote 168, kwa hiyo kinacholiwa katikati hapo kinabaki mwilini. Mgonjwa wa hivyo watu wanamletea madafu, parachichi, ndizi mbivu, juisi ya machungwa, kwa mapenzi kabisa, na hivyo ndo vyenye potasiamu nyingi ambayo ikizidi inasimamisha moyo. Mchicha, matembele na viazi vikatwe vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, ndo viungwe. Mlenda wenye magadi waupunguze au waache, magadi yanaongeza sodiamu kama chumvi na mama ni mtu wa presha. Maji ya kunywa daktari anampa kipimo, wekeni chupa moja iliyopimwa asubuhi, hata chai na uji vinatoka kwenye hesabu hiyo. Kama ameshatengenezewa mshipa wa mkononi wa kuunganishia mashine, mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu, usibebe ndoo, na kila siku aguse asikie unavuma, ukinyamaza ni hospitali siku hiyo hiyo. Kama bado yuko na mpira wa shingoni usilowe maji, na akipata homa au kutetemeka msisubiri Jumatatu. Dawa za miti shamba na za maumivu kama diklofenaki asipewe bila daktari kujua. Haya yote yaandikwe kwa kalamu kubwa yabandikwe ukutani, sio kwa ajili ya binti peke yake, ni kwa ajili ya shangazi atakayekuja na dafu.

Na hili la mama kutaka kurudi kijijini. Usimkatishe kwa kumwambia mama usiseme hivyo. Muulize. Kaa naye siku ambayo sio ya mashine, maana siku ya mashine wengi wanatoka hoi, presha imeshuka, misuli inakaza, mtu yeyote angetaka kwenda kwao. Muulize ni maumivu? Ni upweke wa chumba cha kupanga? Ni aibu ya kuhudumiwa na mjukuu? Au ni kweli amechoka na mashine? Kila moja lina jibu lake. Maumivu na mikazo daktari anaweza kurekebisha muda na kiasi cha maji yanayotolewa. Upweke, labda kuna kanisa au msikiti jirani, au majirani wa nyumbani wampigie simu. Lakini akikuambia kwa akili timamu, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, kwamba amechoka na mashine, basi mwende wote kwa daktari mzungumze, muulizeni na habari ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, mjue kinachofuata kikoje bila kufichana, kwa sababu akiacha ni siku au wiki chache na hilo anatakiwa kulijua yeye kabla ya wengine. Uamuzi ni wake. Kazi yako ni kuhakikisha haamui kwa sababu anadhani ni mzigo kwako. Mwambie hujaacha kazi, mwonyeshe ratiba mpya. Wazazi wetu wengi wanakata tamaa pale wanapoona mtoto anaporomoka kwa ajili yao.

Andika tena ukipata majibu ya mtaaluma.

SWALI

Habari dada, mimi ni CR wa darasa letu, chuo kimoja Mbeya, tunasoma uhasibu. Mwalimu wetu wa somo moja baba yake ana saratani yuko Ocean Road Dar, mwalimu anaondoka wiki nzima wakati mwingine mbili, mada hatujamaliza na mitihani ya mwisho wa muhula imekaribia. Darasa wanataka niende kumshtaki kwa mkuu wa idara. Mimi naona aibu, mwalimu ni mtu mzuri sana. Lakini tukifeli tutarudia na ada ni ya wazazi.

CR, Mbeya

JIBU

Mdogo wangu, aibu hiyo inaonyesha umelelewa, ila usiache wenzako wafeli kwa ajili yake. Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, mionzi inatolewa kila siku za kazi kwa wiki kadhaa mfululizo, sasa mtu anayemsindikiza baba yake kwenye hiyo hawezi kuja Alhamisi akafundisha akarudi. Haiwezekani tu. Kwa hiyo hapa hakuna mzembe.

Mtafute mwalimu mwenyewe kwanza. Mpigie, usimtumie mesji ndefu, mpe pole ya baba kwa niaba ya darasa, alafu mwambie mada zilizobaki ni hizi na hizi, tunaomba tuende kwa mkuu wa idara tuombe mtu wa kutumalizia, na tungependa wewe ujue kabla hatujaenda. Mara nyingi mwalimu wa hivyo anashukuru, maana yeye mwenyewe hajui aanzie wapi kuomba. Idarani usiseme mwalimu haingii, sema tumebakiza mada tatu, mwalimu ana mgonjwa, tunaomba mwalimu wa muda au vipindi vya jioni. Neno kushtaki lisitumike hata kwenye grupu la WhatsApp la darasa, maana skrinshoti zinasafiri.

Na alama zenu za majaribio ya darasani hakikisheni zimeshaingizwa au mna nakala za karatasi zilizosahihishwa, hilo CR mzuri analifuatilia mwenyewe kabla wiki ya mitihani haijafika. Kama darasa mtapenda kuchangishana kitu kidogo cha kumpa pole mwalimu, fanyeni baada ya matokeo kutoka, ili asije mtu akasema mlinunua alama.